Mtoto si mshtakiwa

Kila matokeo ya mitihani yanapotoka nchini Marekani, wakuu wa elimu hulia na "pengo la ufaulu": watoto Weusi na wenye asili ya Amerika ya Kilatini wako nyuma ya wenzao Weupe. Kwa lugha hiyo mtoto anapandishwa kizimbani. Anaulizwa kwa nini hafaulu, mzazi anaulizwa kwa nini hamsomei vitabu, walimu wanapangiwa semina. Gazeti hili linasema ameshtakiwa asiyehusika.

Wa kushtakiwa ni mpaka wa wilaya ya shule na kodi ya majengo inayokusanywa ndani yake. Tuchukue San Antonio, Texas, mwaka wa masomo 1967/68. Katika wilaya ya Edgewood, asilimia 90 ya wanafunzi walikuwa wa asili ya Mexico na zaidi ya asilimia 6 Weusi. Wazazi walilipa dola 1.05 kwa kila dola 100 za thamani ya mali, kiwango kikubwa kuliko vyote katika eneo la jiji hilo. Nyumba zao zilikuwa za bei ya chini, hivyo jasho lote hilo lilimpatia kila mwanafunzi dola 26. Katika wilaya ya Alamo Heights ya eneo hilohilo, walikojaa Weupe, walilipa senti 85 tu wakapata dola 333. Hata jimbo na serikali kuu zilipotia mkono, Edgewood ilifikia dola 356 na Alamo Heights 594. Asilimia 47 ya walimu wa Edgewood walifundisha kwa vibali vya dharura. Aliyejibana zaidi akaambulia makombo.

Demetrio Rodriguez, fundi wa mabati katika kambi ya jeshi la anga, akaenda mahakamani na wazazi wenzake wa Edgewood kuupinga mfumo huo. Mwaka 1973 Mahakama ya Juu ya Marekani iliwaangusha kwa kura 5 dhidi ya 4: elimu, ilisema, si haki ya msingi chini ya katiba ya nchi. Miongoni mwa wanne waliopinga alikuwamo Thurgood Marshall, wakili aliyeshinda mbele ya mahakama hiyo kesi ya Brown ya mwaka 1954, iliyoharamisha kutenganisha wanafunzi kwa rangi katika shule za umma. Miaka 19 baada ya kibao cha "Weupe tu" kung'olewa mlangoni, mahakama ileile ikaruhusu kiandikwe upya kwenye daftari la kodi.

Mwaka 1989 Mahakama ya Juu ya Texas, kwa kauli moja, iliona mfumo huo unavunja katiba ya jimbo. Tangu hapo ni viraka juu ya viraka, na kodi ya majengo bado ni nguzo ya mapato ya shule karibu nchi nzima.

Tutaambiwa fedha peke yake hazifundishi. Kweli, na zipo wilaya zilizopewa zikafuja. Ila hatujasikia wilaya tajiri ikirudisha zake kwa hoja hiyo.

Majimbo yaiweke kodi hiyo katika kapu moja, na ugawaji uanze na mtoto aliyepunjwa zaidi. Mpaka hilo lifanyike, asiyechapisha dola zinazotumika kwa kila mtoto asithubutu kuchapisha alama zake.