Duka la Mume, Mshahara wa Mke

Mwaka wa hesabu unapokaribia kwisha, wenye biashara kubwa huketi na wahasibu wao kutafuta namna ya kupunguza kodi. Hilo si haramu wala si aibu. Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 imeacha milango kwa makusudi: hasara ya mwaka huu huweza kukatwa katika faida ya miaka ijayo, magari na mitambo ya kazi hukatiwa uchakavu. Apitaye mlango uliofunguliwa hajaiba. (Wanaosema kwamba zaka waliyotoa inawatosha, wajue kuwa zaka ni ibada na kodi ni dai la dola, moja haiifuti nyingine.)

Lakini uko mlango mmoja unaopendwa mno ambao tunaona hauzungumzwi ipasavyo, nao ni wa kutumia majina ya watu wa nyumbani.

Kwa viwango vilivyoanza Julai 2021 Tanzania Bara, mshahara wa mwezi usiozidi shilingi 270,000 hautozwi kodi, na kiasi kinachozidi shilingi 1,000,000 hutozwa asilimia 30. Mume aliyekwishafika kiwango hicho cha juu akimwajiri mkewe dukani kwa shilingi 500,000, anaokoa kodi ya 150,000 kila mwezi, na mke hukatwa 18,400 tu, kabla ya kuhesabu michango ya hifadhi ya jamii. Ikiwa mama huyo kweli hukaa kwenye kaunta, hupokea mzigo na kuandika stakabadhi, mpango huu ni halali, nasi tunausifu, maana wake wengi hufanya kazi hiyo miaka ishirini bila ujira.

Ila mshahara ukishaandikwa, ni wake. Katika sheria yetu mali ya mke haina ubia na ya mume, wala halazimiki kuitumia kwa chakula cha nyumba. Ikifikia nisabu, yaani thamani ya gramu 85 za dhahabu, na kuzungukiwa na mwaka, zaka yake iko juu yake yeye. Mume anayemsainisha vocha kisha akairudisha fedha mfukoni mwake ameidanganya dola kwa gharama isiyokuwapo, na amekula haki ya mkewe kwa saini yake mwenyewe.

La nyumba ni zito zaidi. Mtu huandika hati kwa jina la mke au mtoto ili kodi ya pango isimhusu, huku akiendelea kupokea kodi ya wapangaji yeye. Anapofariki, mjane yumo edani, wakwe zake wanadai kwamba "aliandikwa tu". Jina liko upande mmoja, fedha upande mwingine, na aliyejua nia yuko kaburini.

Hiba haitimii bila kukabidhi. Kwa hiyo aliyetoa na aachie, pamoja na kodi ya wapangaji. Kama ni amana, iandikwe hivyo na kushuhudiwa, kama Surat Al-Baqara aya ya 282 inavyotuagiza kuhusu madeni, na mapato yake yaingie katika ritani ya mume. Nyumba haiwezi kuwa ya mke mbele ya afisa wa kodi na ya mume mbele ya warithi. Wenye hati za namna hii wazikague sasa, wangali hai, mke akiwepo kikaoni pamoja na mhasibu.