Pazia la Ubora katika Zabuni za Jeshi

Mkazi wa Ziwa la Ng'ombe akivuka daraja la Nyali, kisha feri ya Likoni, hana mwendo mrefu kufika kambi ya wanamaji ya Mtongwe. Huko ndiko ilikopokelewa mwaka 2012 meli ya KNS Jasiri, ambayo mkataba wake ulitiwa saini mwaka 2003 kwa shilingi bilioni 4.1. Kampuni ya Euromarine iliyopewa kazi hiyo ilitajwa katika kashfa ya Anglo Leasing, malipo yakasitishwa, na meli ikabaki Uhispania miaka mingi huku maharamia wa Kisomali wakitamba katika bahari yetu.

Watetezi wa siri hutuambia kwamba silaha si sukari, hainunuliwi kwa muuzaji rahisi. Neno hilo twalikubali. Chombo hafifu huwazamisha vijana wetu, na bei ndogo ya leo huweza kuzaa gharama kubwa ya vipuri kesho. Lakini ubora umegeuzwa pazia. Tanzania iliuziwa na BAE rada ya pauni milioni 28, yenye uwezo wa kijeshi, ilhali wataalamu wa usafiri wa anga walionya kwamba ni ghali mno na haifai kwa ndege za abiria. Mwaka 2010 kampuni hiyo ilikiri mahakamani Uingereza kwamba haikutunza hesabu ipasavyo. Mwaka 2012 Tanzania ikalipwa pauni milioni 29.5.

Basi ubora upimwe kwanza, peke yake, bahasha za bei zikiwa zimefungwa. Alama ya kufaulu itangazwe kabla ya zabuni kuitishwa, si baada ya mpendwa wa wakubwa kuonekana. Asiyeifikia atoke. Waliobaki washindane kwa gharama ya miaka yote ya matumizi: mafuta, matengenezo, mafunzo.

Kifungu cha 227 cha Katiba ya 2010 chadai ununuzi wa haki, wa wazi, wa ushindani na usio wa hasara. Umbali wa mzinga kulenga waweza kufichwa, hatubishi. Jina la mwenye kampuni je? Hilo humtisha adui gani?

Twawataka wabunge wa Mombasa wadai Bungeni kwamba wamiliki wa kila kampuni inayoiuzia jeshi vifaa, pamoja na mawakala wao, waandikwe na watangazwe kabla ya senti ya kwanza kulipwa.