BANIANI SI MBAYA

 

Kila mmoja wetu anaijua methali isemayo, "Baniani mbaya, kiatu chake dawa." Mimi mwenyewe nimeitumia katika insha nikapata alama. Baniani ndilo jina la zamani la Mhindu mfanyabiashara. Basi siku moja tulipokuwa kidato cha pili, jamaa mmoja aliitamka kwa sauti huku akimkodolea macho mwenzetu ambaye ni wa dini ya Kihindu. Darasa zima likaangua kicheko. Nami nilicheka. Mwenzetu akainamia kitabu chake, hakusema kitu.

Tangu siku hiyo nimejiuliza: Je, tunawajua Wahindu ni akina nani? Wengi wetu hata hatutofautishi Mhindi na Mhindu. Mhindi ni mtu mwenye asili ya India, naye aweza kuwa Mwislamu, Mkristo au Singasinga. Mhindu ni mfuasi wa dini, na wafuasi hao ni zaidi ya bilioni moja ulimwenguni. Ni dini ya tatu kwa wingi wa waumini, baada ya Ukristo na Uislamu.

La kushangaza ni kwamba leo hakuna nchi hata moja ambayo katiba yake inautaja Uhindu kuwa dini ya taifa. Nepal ilikuwa ufalme wa Kihindu, lakini bunge lake liliiondoa hadhi hiyo mwaka 2006. India nako, kwenye Wahindu wengi kuliko kwingine kote, serikali haina dini. Je, mahekalu yalifungwa? La hasha! Huko Nepal, watu kama wanane katika kila kumi bado ni Wahindu.

Kumbe heshima ya dini haitokani na kuitwa rasmi. Hebu tazameni Indonesia, ambako Waislamu ndio wengi. Uhindu ni mojawapo ya dini sita zinazotambuliwa na serikali, na siku ya Nyepi, ambayo ni mwaka mpya wa Wahindu wa kisiwa cha Bali, hata uwanja wa ndege wa huko hufungwa. Trinidad na Tobago pamoja na Fiji zina Wakristo wengi kuliko Wahindu, lakini Diwali, sikukuu ya taa, ni mapumziko kwa kila mtu.

Na hapa kwetu? Hesabu ya watu ya 2019 ilionyesha Wahindu wapatao 60,000. Kifungu cha 8 cha Katiba ya 2010 chasema hakuna dini ya taifa. Isitoshe, sheria ya sikukuu inawapa Wahindu mapumziko siku ya Diwali. Sasa sikilizeni. Mwaka ule ule, Diwali ilipofika mwenzetu hakuja shule. Siku hiyo tukafanya jaribio la hesabu. Akapata sufuri, na jina lake likaandikwa pamoja na ya watoro. Simlaumu mwalimu, hakujua. Sisi tulijua, maana alikuwa ametuambia, lakini tulinyamaza kimya. Jamani!

Wengine watasema, "Ati shule nzima isimame kwa ajili ya mtu mmoja?" Siwaungi mkono. Krismasi sote tuko nyumbani, na Idd ikifika wenzetu Waislamu hawafanyi mtihani. Haki haigawanywi kwa kuhesabu vichwa.

Naomba mambo mawili tu. Kwanza, Diwali iandikwe kwenye kalenda ya shule, na jaribio lisiwekwe siku hiyo. Pili, methali ile tuiache kwenye insha, tusimrushie mtu usoni. Wahenga walisema, mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Nami kwa kile kicheko changu, naomba radhi hapa mbele yenu nyote.

Mwanachama, Kidato cha Tatu