Kitanda Hakizai Haramu: Utetezi wa Mario wa Pili

Yapo maneno ambayo kwa kukaririwa sana huaminiwa bila ya kudaiwa ushahidi. Mojawapo ni lile wanalolisema wapenzi wengi wa michezo ya video juu ya Super Mario Bros. 2, mchezo uliotolewa na kampuni ya Nintendo huko Marekani mwaka 1988: kwamba huyo si Mario wa kweli. Mchezo huo haukukosa wanunuzi, kwani uliuzwa kwa mamilioni. Ulichokosa ni heshima. Hutajwa kwa haraka baina ya ule wa kwanza wa 1985 na ule wa tatu, kama mgeni aliyeketi mahali pasipo pake. Nami nasema hukumu hiyo ni dhulma, na kosa lake ni lile lile la mhakiki anayeuuliza utungo nasaba yake kabla ya kuusoma.

Tuwatendee haki wapinzani, maana hoja yao ina ukweli ndani yake. Mwaka 1986 Nintendo ilitoa Japani mwendelezo mwingine wenye jina hilo hilo. Ulifanana mno na wa kwanza, ila ulikuwa mgumu kupita kiasi, na tawi la kampuni huko Marekani likaukataa. Badala yake ukachukuliwa mchezo wa 1987 ulioitwa Yume Kōjō: Doki Doki Panic, uliotengenezwa kwa ushirikiano na televisheni ya Fuji chini ya uongozi wa Kensuke Tanabe. Mashujaa wake wanne, waliovishwa mavazi ya kuigiza Uarabuni, waliondolewa. Wakawekwa Mario, nduguye Luigi, Toad na binti mfalme. Taa ya ajabu ikawa chupa ya dawa. Lakini mazulia yarukayo, mitungi mikubwa na jangwa la mchanga vilibaki, na msomaji wa pwani aliyelelewa kwa visa vya Alfu Lela Ulela hatakosa kuvitambua.

Naam, umepokewa kutoka kwingine. Kwani kupokea ni aibu? Kisa cha Utendi wa Tambuka, ulioandikwa Pate mwaka 1728, asili yake ni Uarabuni. Nani atakayesimama mbele ya wajuzi wa tungo akadai kwamba kwa sababu hiyo utendi huo si wa Waswahili? Kisa kilikuja kwa jahazi; ufundi ulikuwa wa hapa.

Basi tuutazame ufundi wenyewe. Katika mchezo wa kwanza, adui ukimrukia humponda. Katika wa pili ukimrukia unasimama juu yake, naye akakubeba. Ukitaka, unamnyanyua na kumrusha kwa mwenziwe. Mboga hung'olewa ardhini zikawa silaha. Hakuna saa inayokuhimiza wala alama za kuhesabu, hivyo mchezaji ana nafasi ya kuchungua. Kabla ya kila hatua huchagua mmoja katika wanne: Luigi huruka juu zaidi, Toad hung'oa upesi, binti mfalme huelea hewani kwa muda mfupi, Mario huwa wa kati na kati. Ukiokota ufunguo, kinyago kilichokuwa kimetulia ukutani huamka kikakufukuza hadi uutupe au ufungue mlango. Hofu hiyo haimo katika mwendelezo ule wa 1986. Mwenye nasaba alirudia. Wa kulea alizua.

Watasema, kama ulikuwa na thamani mbona haukuacha kizazi? Umeacha! Luigi aliye mrefu kuliko kaka yake ametoka humo. Bob-omb, bomu lenye miguu, na Shy Guy, yule mvaa kinyago, walihamia humo kutoka Doki Doki Panic, na wameendelea kuishi katika michezo mingi ya baadaye. Mwaka 2013, Super Mario 3D World iliwarejesha wale wale wanne, kila mmoja na kipaji chake. Na Wajapani wenyewe, waliokuwa na mchezo wa asili mikononi, waliupokea mwaka 1992 kwa jina la Super Mario USA. Wenye mwana wamemkubali. Majirani ndio wanaoendelea kuteta.

Mwisho wa mchezo, mashujaa humshinda Wart, mfalme chura, kwa kumlisha mboga asizozipenda. Kisha tunamwona Mario amelala kitandani: safari yote ilikuwa ndoto. Wapo wanaolichukua hilo kuwa ushahidi kwamba mchezo haukuwa na uzito. Mimi naliona kinyume chake. Ndoto ni ya aliyeiota, hata ikiwa imejaa mazulia na mitungi ya nchi asizozijua. Wahenga walisema kitanda hakizai haramu. Anayetaka kuubeza mchezo huu na aucheze kwanza mpaka mwisho, kisha aje na kasoro alizoziona katika kuucheza. Nasaba tumeshaisikia.