Sola Kariakoo: Usijaze paa lote

MOTO ulioteketeza soko kuu la Kariakoo usiku wa Julai 10, 2021 na ghorofa lililoporomoka Novemba 16, 2024 vimewaachia wafanyabiashara swali moja: jengo likipata janga, waokoaji watapita wapi?

Hatuyataji matukio hayo ili kuilaumu sola. Lakini paneli zinapandishwa juu ya mapaa ambako tayari kuna matenki ya maji na mlango wa ngazi, katika majengo yaliyobanana ukuta kwa ukuta.

Paneli si sawa na umeme wa TANESCO. Ukizima swichi kuu, umeme wa TANESCO unakatika ndani ya nyumba. Paneli huendelea kuzalisha maadamu jua linawaka, na paneli 10 zilizoungwa kwa mfululizo zinaweza kupita volti 300. Askari wa zimamoto anayepanda hapo na mpira wa maji yuko hatarini.

Ndiyo maana kanuni za zimamoto katika majimbo mengi ya Marekani zinataka njia za karibu mita 1 ziachwe wazi juu ya paa. Tangu toleo la 2014, kanuni za umeme za huko zinataka pia swichi ya kuzima paneli haraka.

Kwa mfanyabiashara, hii ni hesabu. Paa la mita 6 kwa 10 lina mita za mraba 60. Ukiacha mita 1 kila upande, zinabaki 32. Karibu nusu ya nafasi imekwenda! Hata hivyo, taa, feni na friji moja ya duka havihitaji paa zima. Anza na mahitaji yako, ndipo upime paa, si kinyume chake.

Kabla ya kulipa, hakikisha fundi ana leseni ya EWURA. Muulize swichi ya kuzimia itakaa wapi. Paneli moja kubwa ina uzito wa kilo 20 hivi, bila fremu. Mpangaji apate kwanza ridhaa ya mwenye nyumba.

Nawe mkulima unayenunua paneli Kariakoo kupeleka kijijini, kagua mbao zinazobeba bati lako. Kama una uwanja wenye jua, zifunge chini kwenye fremu imara.

Paneli mbili zilizopunguzwa ni hasara ndogo. Njia iliyozibwa siku ya moto haina fidia.