Kamati ya Cherehani

Wazazi wenzangu, binti akichumbiwa hatuhitaji kufundishwa la kufanya. Kamati inakaa, mwenyekiti anateuliwa, mweka hazina anafungua daftari, na kadi za mchango zinawafikia hata jamaa ambao mara ya mwisho tulionana nao msibani. Simu za kukumbushia ahadi hazikomi. Mamilioni yanapatikana, na usiku mmoja wa sendofu unayamaliza. Simnyimi mtu furaha ya kumuaga mwanawe. Nauliza tu: binti huyo huyo alipofeli kidato cha nne, kamati ilikuwa wapi?

Serikali ilifuta ada hadi kidato cha nne mwaka 2016, nasi tukashukuru. Lakini wanaomaliza bila alama za kuendelea ni wengi, na wa kike huamuliwa haraka: aende mjini akafanye kazi za ndani, au aolewe. Ufundi tunautaja mwisho, tena kwa sauti ya kukata tamaa, kana kwamba ni adhabu.

Vyuo vipo. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1994. Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, ambavyo leo ni 54, vilianza mwaka 1975 baada ya Mwalimu Nyerere kuvutiwa na vyuo vya namna hiyo huko Sweden. Baadhi yake sasa humpokea msichana aliyezaa, na mtoto wake akapata mahali pa kulelewa mama akiwa darasani. Ada ya kozi ndefu za VETA kwa miaka mingi imekuwa Sh 60,000 kwa mwaka kwa mwanafunzi wa kutwa na Sh 120,000 kwa wa bweni. Wangapi kati yetu tumewahi kuahidi zaidi ya hapo kwenye kadi moja ya harusi?

Hata hivyo, ada siyo mwisho wa safari, na hapa ndipo wazazi wengi tunapokosea. Binti anahitimu ushonaji, anarudi nyumbani na cheti ndani ya bahasha. Cherehani hana. Anakwenda kuomba nafasi kwenye baraza ya fundi mwenye mashine tatu, naye anapewa kazi ya kuunganisha vipande ambavyo mwenye baraza amekwisha kuvikata, kwa ujira wa kila nguo. Mteja hamjui, kwa sababu mteja humjua aliyempima na kukata kitambaa chake. Mkono usiokata husahau kukata. Baada ya miezi michache binti anaona nauli na chakula cha mchana vinakula chote anachopata, anaacha, na sisi tunasema ufundi haulipi! Haulipi vipi, ilhali hatukumpa mkasi wala mashine?

Tusimfungie pia kwenye ushonaji na upishi peke yake. Mitaa yetu inajengwa kila siku. Anayeweza kutandaza nyaya za umeme au kuchomelea mageti hakosi kazi, na mikono ya kike inaziweza kazi hizo.

Mtaji nao una pa kuombwa: halmashauri zinatakiwa kisheria kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa wenye ulemavu. Mikopo hiyo hupitia vikundi. Kwa hiyo binti na wenzake waunde kikundi wakiwa bado chuoni, wakati wanajuana tabia, wala wasisubiri kutawanyika kila mmoja kijijini kwao.

Lakini mkopo usiwe kisingizio chetu sisi wa nyumbani. Binti anapobakiza muhula mmoja kuhitimu, iitishwe kamati ile ile, na mweka hazina yule yule mwenye mdomo mkali wa kudai ahadi. Daftari liandikwe cherehani, mkasi, pasi, na kodi ya miezi mitatu ya kibanda karibu na soko. Mjomba aliyezoea kuahidi kreti za soda, aahidi pasi.