Kasuku na kanga: hesabu si moja

Ndugu wanafunzi, kuna wenzetu wanaosema: ndege ni ndege tu; kama tunakula kanga, sababu gani tusiuze kasuku? Mimi nakataa.

Kwanza jamaa zao ni mbalimbali. Kanga (Numida meleagris) iko katika oda moja na kuku na kwale. Kasuku wetu mwenye mkia mwekundu (Psittacus erithacus) ni wa oda ya Psittaciformes. Lakini neno kubwa ni kuzaa. Kanga anataga chini katika majani, mayai sita, kumi, hata kupita. Kasuku anatafuta tundu ya muti mkubwa, na mara nyingi anataga mawili ao matatu, basi. Muti ukikatwa, nyumba imekwisha. Tena wategaji wanapaka ulimbo kwa matawi na kufunga pale kasuku mwingine kusudi aite wenzake. Wengi wanakufa mbele ya kufika soko.

Ndiyo maana kwa orodha ya IUCN kanga hana hatari, lakini tangu 2016 kasuku ni kati ya wale wanaoweza kutoweka. Mwaka ule ule CITES ilikata shauri kukataza biashara ya kimataifa ya kasuku wa porini.

Mtu atauliza: na feza ya masomo itatoka wapi? Swali la haki. Basi tufuge kanga. Mayai yake yanauzwa, na watoto wake wanakomaa kwa miezi michache.